Nondo, Simba na Umande: Taswira za Mungu katika Kitabu cha Hosea na Funzo Lake kwa Fasihi

Utangulizi

Miongoni mwa vipengele vya fani tunavyofundisha katika shule za upili, tamathali za semi ndizo ambazo wanafunzi wengi huzipenda na ndizo ambazo wengi huzijibia vibaya. Huzipenda kwa kuwa majina yake hukaririka upesi: tashbihi, sitiari, jazanda, tashihisi, taswira, ishara. Huzijibia vibaya kwa sababu iyo hiyo. Mtahiniwa huingia katika chumba cha mtihani akiwa na orodha kichwani: mwangaza ni matumaini, giza ni ujinga, mvua ni neema, jangwa ni mateso. Akikutana na mvua katika shairi anaandika "neema", hata kama mvua hiyo imezoa daraja na kuacha watu bila makao.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo halikomei katika karatasi ya Fasihi. Msomaji wa Biblia naye hulifanya anaposhika taswira moja ya Mungu, akaifungia maana moja, kisha akaitumia kupimia kila kitu. Kwake Mungu ni mfalme na basi, au ni baba na basi, au ni simba na basi. Tutatumia kitabu cha nabii Hosea kuonyesha kwamba taswira za Mungu katika Maandiko hazikukusudiwa kusomwa hivyo. Katika sura 14 pekee, nabii huyu anamlinganisha Mungu na nondo, ubovu, simba, chui, dubu, mzazi, mume, umande na mti wenye majani mabichi. Isitoshe, katika Hosea 12:10 Mungu mwenyewe anasema kwamba amenena na manabii na kutumia mifano kupitia kwao. Kwa hiyo anayechambua mifano hiyo hatoki nje ya ujumbe wa kitabu. Anaingia katika njia ambayo kitabu chenyewe kinasema ujumbe ulipitia.

Swali letu ni hili: je, mifano hii yote inawezaje kumhusu mmoja, na msomaji aishikeje bila kuivunja?

Hosea na Wakati Wake

Taswira haieleweki nje ya mandhari yake, kwa hivyo ni muhimu kuanzia hapo. Wanafunzi wanaosoma somo la Dini ya Kikristo humfahamu Amosi. Hosea alikuwa nabii wa zama hizo hizo, karne ya nane K.K., na kama Amosi aliuhubiria ufalme wa Kaskazini, yaani Israeli, ambao yeye huuita mara nyingi Efraimu. Alianza kazi yake Yeroboamu wa Pili akiwa bado kwenye kiti. Baada ya mfalme huyo kufa, nchi iliporomoka. Wafalme sita walifuatana: Zekaria, Shalumu, Menahemu, Pekahia, Peka na Hoshea. Wanne kati yao, Zekaria, Shalumu, Pekahia na Peka, waliuawa na waliotwaa viti vyao. Menahemu aliponea kwa kumlipa mfalme wa Ashuru talanta 1,000 za fedha, ambazo kwa mujibu wa 2 Wafalme 15 aliwatoza matajiri, shekeli 50 kila mmoja. Mwaka 722 K.K. Samaria, mji mkuu, ulianguka mikononi mwa Waashuri.

Jambo la pili la mandhari ni Baali. Huyu aliabudiwa na Wakanaani kama mungu wa tufani na mvua, na kwa hiyo wa mavuno. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Ras Shamra, nchini Syria, kuanzia mwaka 1929 yameongeza sana ujuzi wetu kuhusu ibada hiyo. Mkulima wa Israeli aliyetegemea mvua alikuwa na kishawishi kikubwa: Mungu wa kutoka Misri alikuwa mkombozi, lakini je, alijua habari za shamba? Hosea 2 inaonyesha taifa likidhani kwamba nafaka, divai na mafuta vimetoka kwa Baali. Tukiwa na hayo mawili akilini, yaani nchi inayooza kutoka ndani na mkulima anayeangalia mawingu, tunaweza kuzikabili taswira zenyewe.

Nondo na Simba: Mwendo wa Taswira

Katika Hosea 5:12 Mungu anasema amekuwa kama nondo kwa Efraimu na kama ubovu kwa nyumba ya Yuda. Neno lenyewe linahitaji tahadhari darasani. Kamusi zinatambua pia nondo kuwa chuma kinachotiwa ndani ya zege, na mwanafunzi anayeishi karibu na mijengo anaweza kuanzia hapo na kupata Mungu aliye imara kama chuma. Hilo litampeleka upande usiofaa kabisa. Nondo wa Hosea ni mdudu ambaye kiwavi wake hutafuna nguo.

Tuitazame kazi ya mdudu huyo. Hana kelele. Nguo iliyokunjwa sandukuni huonekana nzima, hata rangi yake haijapauka. Ni siku ya kuivaa ambapo mwenyewe huiinua na kukuta matundu. Taswira hii inaafiki historia tuliyoitaja. Ufalme ulikuwa bado una jina, mji mkuu na jeshi, ilhali viti vya enzi vilikuwa vinabadilishwa kwa mauaji na fedha ya nchi inakwenda Ashuru. Nabii anasema jambo la kutisha: Efraimu alipodhani kwamba anaharibiwa na siasa tu, Mungu mwenyewe alikuwa ndani ya kule kuharibika.

Mstari unaofuata unaonyesha Efraimu akiuona ugonjwa wake na kukimbilia kwa mfalme wa Ashuru kutafuta tiba. Kisha katika 5:14 taswira inabadilika ghafla. Mungu sasa ni kama simba anayerarua na kuondoka na mawindo, wala hakuna wa kuokoa. Mtahiniwa aliyezoea kuorodhesha ataandika: "Mungu amefananishwa na nondo na simba. Hizi ni tashbihi." Ni kweli, lakini hajaanza kujibu. La maana ni mwendo kutoka taswira ya kwanza hadi ya pili: kutoka kidogo hadi kikubwa, kutoka kimya hadi ngurumo, kutoka polepole hadi ghafla. Katikati ya hizo mbili kuna mgonjwa aliyetafuta daktari nje wakati ugonjwa uko ndani. Kama simba angetajwa peke yake, tungedhani adhabu imeshuka bila onyo. Nondo ndiye onyo, na Efraimu hakumwona kwa kuwa hakufungua sanduku.

Aidha, simba huyu habaki na maana hiyo. Katika 5:15 anarudi mahali pake kungoja watu wamtafute. Katika 11:10 Mungu ananguruma tena kama simba, lakini sasa ngurumo hiyo inawaita watoto warudi nyumbani, nao wanakuja wakitetemeka. Mnyama ni yule yule na sauti ni ile ile. Katika sura ya 5 anayesikia yumo makuchani. Katika sura ya 11 anayesikia anapata njia ya kurudi. Mwanafunzi aliyeandika "simba ni ishara ya adhabu" atakuwa amejibu sura moja na kuikosa nyingine.

Umande: Kitu Kimoja, Maana Tatu

Mfano ulio bora zaidi wa hoja yetu ni umande. Umejitokeza mara tatu katika kitabu, na kila mara una kazi tofauti.

Mara ya kwanza ni sura ya 6. Katika 6:3 watu wanasema kwa uhakika kwamba Mungu atawajia kama mvua inayoinywesha nchi. Wafafanuzi wengi huona toba hiyo kuwa nyepesi mno. Watu wanamwongelea Mungu kama wanavyoyaongelea majira: msimu ukifika, mvua itakuja. Mungu anajibu katika 6:4 kwa kuwageuzia maji yale yale: wema wao ni kama wingu la asubuhi, kama umande unaotoweka mapema. Hapa umande unaashiria upendo usiodumu. Mara ya pili ni 13:3, ambapo wale wanaobusu sanamu watatoweka kama ukungu wa asubuhi, kama umande, kama makapi yanayopeperushwa na kama moshi. Sasa umande si tabia ya watu tena. Ni hatima yao.

Mara ya tatu ni 14:5. Mungu anasema yeye mwenyewe atakuwa kama umande kwa Israeli, nayo itachanua kama yungiyungi na kutia mizizi. Msomaji makini anapaswa kushtuka hapa. Je, Mungu anajilinganisha na kitu ambacho kwa mara mbili kimekuwa ishara ya kutodumu?

Jibu liko katika mazingira. Mwanafunzi wetu wa Limuru au Kinangop anaujua umande kama kero: hufika darasani soksi zimelowa. Katika nchi ya Hosea mambo yalikuwa tofauti. Mvua hunyesha takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, kisha kiangazi huingia na miezi kadhaa hupita bila mvua ya kutajika. Katika muda huo umande wa usiku, unaotokana na unyevu wa bahari, husaidia mimea kustahimili. Hauna radi wala wingu la kuonekana. Unakuja watu wamelala, na unakuja hasa wakati ambapo mvua haipo.

Tukikumbuka kwamba Baali alikuwa mungu wa tufani, tunaona ustadi wa uteuzi huu. Mungu wa Hosea hashindani na Baali kwa kujidai kuwa na radi kubwa zaidi. Anachukua kitu kidogo kinachofanya kazi katika miezi ambayo mungu wa tufani amenyamaza. Pia anachukua neno lile lile lililotumiwa kuwashtaki watu na kuligeuza kuwa ahadi. Upendo wao ulikuwa umande kwa sababu hutoweka asubuhi. Wake ni umande kwa sababu hurudi kila usiku. Kitu ni kimoja. Kilichobadilika ni nafsineni, nafsinenewa na upande wa kitu hicho unaomulikwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa mti. Katika 4:13 nabii anakemea watu wanaotoa dhabihu chini ya miti kwa kuwa kivuli chake ni kizuri. Hata hivyo, katika 14:8 Mungu anajifananisha na mti wenye majani mabichi, na kusema matunda ya Efraimu hutoka kwake. Msomaji anayeijua heshima ya mugumo miongoni mwa Wagikuyu ataona jinsi nabii alivyothubutu. Alichukua taswira kutoka mahali pale pale alipokuwa amepakemea.

Mzazi na Dubu

Sura ya 11 ina taswira ambayo wasomaji wengi huipenda kuliko zote. Mungu anakumbuka alivyomfundisha Efraimu kutembea, alivyomshika mikono, alivyomvuta kwa kamba za upendo na kuinama ili amlishe. Hapa kuna taswira ya mguso na ya mwendo: mikono inashika, miguu midogo inajaribu, mtu mzima anainama. Ni vyema kumwomba mwanafunzi asome tena na kutafuta neno "baba" katika mistari hiyo. Halimo, wala "mama" halimo. Anayetajwa ni mtoto. Huyo mwingine tunamjua kwa kazi ya mikono yake tu, na sisi wenyewe ndio tunaompa jinsia.

Sasa tuiweke taswira hiyo kando ya 13:7-8. Mungu anakuwa kama simba, kama chui anayevizia njiani, na kama dubu aliyenyang'anywa watoto wake. Dubu hapatikani katika mbuga zetu, na mwanafunzi anaweza kumpita haraka kama mnyama mwingine mkali tu. Lakini ukali wa dubu huyu umepewa sababu. Ni mzazi aliyefiwa. Simba na chui hushambulia kwa njaa, naye anashambulia kwa uchungu. Katika kilele cha vitisho vyote, nabii ameingiza kimya kimya yule mzazi wa sura ya 11. Hasira tunayoisoma hapa na upendo tuliousoma kule vina asili moja. Mtahiniwa akiweza kuonyesha uhusiano huo, amechambua taswira. Akiishia kusema "dubu ni ukali", ametaja taswira tu.

Ndoa: Jazanda Yenye Hatari

Haitakuwa haki kuisifu fani ya Hosea bila kutaja mahali inapotutatiza. Sura ya 1 hadi ya 3 zimejengwa juu ya jazanda ya ndoa: Mungu ni mume, Israeli ni mke asiye mwaminifu. Katika sura ya 2 mume huyo anatishia kumvua mkewe nguo na kumwacha uchi, kisha anazungumza naye kwa upole na kumrudisha. Mtaalamu Renita Weems, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu ndoa na ukatili katika vitabu vya manabii, alionyesha jinsi jazanda hii inavyofunga pamoja mapenzi na adhabu, na hatari yake kwa wanawake wanaoisoma. Mwalimu hawezi kulikwepa jambo hilo. Darasani huenda ameketi msichana ambaye amewahi kusikia nyumbani kwamba anayekupiga ndiye anayekupenda. Jazanda ikisomwa kama kanuni ya ndoa, itaunga mkono maneno hayo.

Fani inatusaidia kuona chanzo cha tatizo. Nondo, simba na umande vimeletwa kwa tashbihi. Neno "kama" limesimama katikati, likimkumbusha msomaji kwamba vitu viwili vinafanana kwa upande fulani tu. Jazanda ya ndoa imeenezwa katika sura nzima, na kwa sehemu kubwa haina "kama". Mipaka inafifia. Badala ya Mungu kufananishwa na mume, msomaji mwanamume anaweza kuanza kujifananisha na Mungu.

Hata hivyo kitabu chenyewe kina marekebisho, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Katika 2:16 Mungu anasema siku inakuja ambapo Israeli itamwita Ishi, wala haitamwita tena Baali. Maneno haya mawili ya Kiebrania yote yanaweza kumtaja mume. "Ishi" ni mume wangu kwa maana ya mwanamume wangu, na "baali" ni mume wangu kwa maana ya bwana wangu, mwenye mamlaka na mmiliki. Mzungumzaji wa Kiswahili halihitaji somo refu ili aelewe. Kwetu pia mwanamke husema "mume wangu" au "bwana wangu", na "bwana" huyo huyo ni mkubwa wa kazi, mwenye mali na mwenye amri. Hosea anataka neno la umiliki liondoke katika ndoa hiyo. Ni kinaya kwamba katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, inayotumiwa sana hapa nchini, jina la Mungu limeandikwa BWANA kwa herufi kubwa. Kinaya hicho kimetokana na njia ya tafsiri: Wayahudi walipolisoma jina hilo walitamka neno jingine lenye maana ya bwana, tofauti na baali. Lakini sikio la msomaji wetu halitenganishi mabwana hao, na hapo ndipo mwalimu anapohitajika.

Marekebisho ya pili ni makubwa zaidi. Katika 11:9 Mungu anasema hataitekeleza hasira yake kali, kwa kuwa yeye ni Mungu wala si mwanadamu. Neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa mwanadamu ni "ish", lile lile linalomaanisha mwanamume au mume na ambalo limo ndani ya "ishi". Aliyesema ataitwa mume sasa anasema yeye si mume kama waume walivyo. Anakataa kulipiza kisasi kama ambavyo mume aliyeaibishwa angefanya. Yaani, kitabu kimeichukua jazanda yake kuu na kuonyesha inapokomea. Anayetumia sura ya 2 kuhalalisha kofi nyumbani hajafika sura ya 11.

Sanamu na Taswira

Tumeona kwamba taswira za Hosea zinapingana, zinasahihishana na kuondokeana. Je, huu ni udhaifu wa kitabu? La. Ni sehemu ya hoja yake, na hoja hiyo inaonekana tukimtazama adui mkuu wa nabii, yaani ndama wa Samaria.

Kwa mujibu wa 1 Wafalme 12, Yeroboamu wa Kwanza alitengeneza ndama wawili wa dhahabu, akawaweka Betheli na Dani, akawatambulisha kwa watu kuwa ndio waliowatoa Misri. Ni muhimu kuliona jambo hili vyema. Ndama hakuletwa kama mgeni. Alidaiwa kuwa taswira ya Mungu yule yule aliyewakomboa, na kama taswira alikuwa na mantiki: ana nguvu, ana ujana, ana uwezo wa kuzaa. Kosa lake ni kwamba alisimama pale. Aliyeyushwa, akamiminwa, akapoa. Hakuna taswira nyingine iliyoruhusiwa kumsahihisha. Hosea 8:6 inakumbusha kwamba alitengenezwa na fundi, na 13:2 inawaonyesha watu wakimbusu.

Maneno yetu "sanamu" na "taswira" yote mawili yametoka katika Kiarabu. La kwanza lilihusu kinyago kinachoabudiwa na la pili tendo la kuchora au kuumba picha. Tofauti hiyo inatufaa hapa. Taswira ni tendo, na inaendelea kutendeka kila msomaji anapoisoma. Sanamu ni taswira iliyoganda. Hosea anamkabili ndama kwa mifano inayopita: nondo hupisha simba, simba hupisha mzazi, mzazi hupisha umande. Hakuna hata mmoja unaokaa muda wa kutosha kubusiwa.

Kwa msomaji Mkristo, funzo hili halikomi katika Agano la Kale. Katika Luka 15 Yesu anasimulia mifano mitatu mfululizo kuhusu kilichopotea: mchungaji na kondoo wake, mwanamke na sarafu yake, kisha baba na wanawe. Makanisa yetu yamejaa picha za mchungaji. Mwanamke mwenye taa na ufagio haonekani sana ukutani, ingawa mfano wake umewekwa katikati ya hiyo mingine miwili. Anayemjua Mungu kwa picha ya ukutani pekee amepokea theluthi ya mafundisho. Kuna waumini ambao neno "baba" kwao ni neno la hofu, kwa sababu ya baba waliyemjua. Wakiambiwa hakuna taswira nyingine, wamefungiwa mlango ambao Maandiko yaliuacha wazi.

Mbinu ya Kufundishia

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kwamba mwanafunzi anapokutana na taswira katika shairi, tamthilia, riwaya au hadithi fupi, ajiulize maswali yafuatayo kabla ya kuitaja maana yake:

(i) Nani anaitumia taswira hii, na anamwambia nani? Mvua ya 6:3 imesemwa na watu, umande wa 6:4 umesemwa na Mungu.

(ii) Kitu hiki hufanya kazi gani katika mazingira ya kazi hii, na si katika mazingira yangu tu? Umande wa Limuru si umande wa Samaria wakati wa kiangazi.

(iii) Ni upande upi wa kitu hiki unaomulikwa? Umande hutoweka, na pia hurudi.

(iv) Je, taswira imejitokeza kwingine katika kazi hii? Imebadilika vipi?

(v) Taswira inakomea wapi? Ni jambo gani kuhusu kinachofananishwa ambalo haiwezi kulisema?

Swali la tano ndilo linalosahaulika zaidi. Tulinganishe majibu mawili. La kwanza: "Umande ni jazanda ya baraka." La pili: "Umande unatumika kwa maana zinazokinzana. Mwanzoni unaashiria upendo wa watu usiodumu, kisha kuangamia kwao, na mwishoni neema ya Mungu inayorejea wakati wa ukame. Ukinzani huu unaonyesha kwamba kile kile kilichowashtaki ndicho kilichogeuzwa kuwa tumaini lao." Jibu la kwanza lina kosa la istilahi, kwani hii ni tashbihi, na pia halielekezi mahali popote katika matini. La pili limesoma kazi nzima. Si lazima liwe na maneno magumu. Linahitaji tu mwanafunzi aliyerudi kusoma.

Mwalimu wa madhehebu au dini yoyote anaweza kuitumia mbinu hii, kwani haimtaki mwanafunzi aamini alichoamini nabii. Inamtaka asome kilichoandikwa. Kwa aaminiye, faida ni zaidi ya alama.

Hitimisho

Taswira katika kitabu cha Hosea hazina maana zilizohifadhiwa kabatini zikingoja kuchukuliwa. Maana huzaliwa pale taswira inapowekwa, na nani anaitumia, na taswira gani nyingine imesimama kando yake. Orodha tunazowapa wanafunzi wetu ili wakariri zina umbo la ndama wa Samaria: ni rahisi kubeba, zinang'aa, na haziwezi kujibu swali jipya. Tuziache. Tuwape wanafunzi matini, muda na maswali. Watakaopata mvua katika shairi wataangalia kwanza kama inaotesha au inabomoa. Na watakaoomba jioni hiyo kwa neno moja tu wanalolijua la Mungu, huenda wakajua kwamba maneno mengine yapo.

Maswali ya Marudio

1. Eleza jinsi mfuatano wa taswira ya nondo na ya simba katika Hosea 5:12-15 unavyojenga maudhui ya uozo wa kitaifa.

2. "Taswira hubeba maana kulingana na mahali ilipowekwa." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea umande na simba katika kitabu cha Hosea.

3. Tofautisha athari ya tashbihi na ya jazanda kwa msomaji, ukitoa mifano kutoka kitabu hiki na kutoka shairi lolote ulilosoma.

4. Chagua taswira moja katika kitabu teule cha darasa lako. Onyesha inachofaulu kusema na mahali inapokomea.